Durant mechi 62 nje, Brunson mechi 65 ndani: hii sheria ya All-NBA ibaki au ifutwe?

MzeeWaRimu

Wakuu habari za wikiendi. Orodha ya All-NBA 2025 (wachezaji 15 bora wa msimu wa ligi ya kikapu ya NBA, wanapangwa timu tatu za heshima) imetoka usiku sisi tumelala, nimeipitia asubuhi na kuna kitu kinanikera nataka tukijadili kwa utulivu bila matusi (najua humu ni ngumu).

Kwa ambao hawajaiona, timu ya kwanza ni Shai, Jokic, Giannis, Tatum na Donovan Mitchell. Ya pili Curry, LeBron, Edwards, Brunson na Evan Mobley. Ya tatu Cade Cunningham, Haliburton, Harden, Towns na Jalen Williams wa Oklahoma City (OKC). Kumi na tano hao basi.

Sasa angalia walioachwa. Durant kapiga wastani wa pointi 26 na ushee, hayumo, kwa nini, kacheza mechi 62 na sheria inataka angalau 65 ndo ufikiriwe. Mechi tatu tu jamani! Brunson aliumia kifundo mwezi wa tatu pale LA, akakaa nje karibu mwezi mzima, akarudi mwanzoni mwa mwezi wa nne na hesabu yake ikafika 65 kamili, si 64 wala 66, na yumo timu ya pili. Simsemi vibaya Brunson, anastahili kabisa, ila mtu asiniambie kwamba kati ya hao wawili tofauti ya ubora ni mechi tatu. Luka Doncic naye nje (mechi 50), Wembanyama nje (46), Anthony Davis nje (51).

Swali langu ni moja, hii tuzo inapima nani mchezaji bora au inapima mahudhurio kama daftari la shuleni? Sheria ibaki, irekebishwe au ifutwe?

KipangaWaUpanga

Ibaki mkuu tena ikiwezekana waipandishe ifike 70.

Nyie mnasahau tulikotoka. Kabla ya hii sheria kuingia msimu wa 2023-24 mtu alikuwa anacheza anavyojisikia, leo kapumzishwa, kesho goti linauma kidogo, keshokutwa mechi ya pili mfululizo hachezi, na mwisho wa msimu anavikwa koja. Mwaka 2023 LeBron aliingia timu ya tatu na mechi 55, Curry timu ya pili na mechi 56, Lillard 58. Mechi ni 82! Yani mtu anakosa karibu theluthi ya msimu afu anaitwa bora wa msimu, wa msimu upi sasa.

Afu sisi wa huku ndo tunaumia zaidi. Mechi zinaanza saa tisa na nusu usiku, zile za Lakers nyumbani kwao wakati wa baridi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umejipanga, bando umenunua, kahawa umeweka, unafungua unaambiwa staa leo kavaa suti, hachezi. Si bora nilale.

Na 65 si nyingi kihivyo. Unaruhusiwa kukosa 17. SHERIA INAKUPA MECHI 17 ZA KUUMWA. Mwajiri gani mwingine duniani anakupa hiyo.

NjoroWaUmoja

@KipangaWaUpanga buda unaongea ni kama hawa watu wanajifanya wagonjwa. Wembanyama walimpata na damu imeganda kwa bega, damu kuganda manze, hiyo si kupumzishwa hiyo ni kitu inaweza kukumaliza. Mpaka hiyo siku ya Februari alikuwa anaongoza ligi nzima kwa bloku (kuzuia mipira inayorushwa kwa kikapu), karibu nne kila mechi, tuzo ya mlinzi bora ilikuwa yake hakuna mtu alikuwa anabisha. Ikaenda kwa Mobley. Mobley ni mzuri, sina shida na yeye, lakini kila mtu anajua alishinda kwa sababu Wembanyama wa San Antonio alitolewa kwa karatasi ya kura na hiyo sheria.

Sheria kwa kawaida haiangalii kama umeumia ama umevaa suti kwa kupenda. Shida yangu ni hiyo tu. Kama wanataka kukomesha hii mambo ya kupumzisha mastaa wapige faini timu, kwa sababu mara mingi ni timu inaamua si mchezaji. Sasa timu inakukalisha halafu wewe ndio unanyimwa jina.

KipangaWaUpanga

Faini zipo mbona, na timu zinalipa zinaendelea. Tajiri anamiliki timu ya mabilioni unamtoza laki unadhani atalia.

MwanaLubumbashi

Ndugu zangu nawasalimu wote. Mie naleta mfano mmoja ambao unatuhusu sisi kidogo, maana wengi mmeusahau.

Januari 2024. Embiid wa Philadelphia ndo MVP (mchezaji bora wa ligi) aliyepita, na msimu ule alikuwa anapiga pointi 34 na zaidi kwa mechi, wastani ambao senta (mrefu wa chini ya kikapu) hafikishi hivi hivi. Goti linamsumbua. Tarehe 27 Philadelphia wako Denver, wote wanangoja Embiid na Jokic, dakika za mwisho kabisa anatolewa kwenye orodha. Hapo ndo yakaanza maneno, anamkwepa Jokic, anaogopa ule mwinuko wa Denver, kila aina ya kejeli, na kila kipindi cha TV wanahesabu amebakiza mechi ngapi kabla hajapigwa chini kwenye tuzo. Akakosa na ya Portland. Tarehe 30 akaingia uwanjani kule Golden State, na mtu yeyote aliyeitazama ile mechi aliona kwamba hatembei vizuri, harudi kukaba, anaburuza mguu. Robo ya nne wanagombea mpira chini, Kuminga anamwangukia juu ya goti. Meniskasi (gegedu ya goti) ikachanika. Upasuaji. Akamaliza msimu na mechi 39.

Na huyo Kuminga ni mtoto wa Goma, mcameroon kaumizwa na mkongo kwa bahati mbaya tu ligi ya wazungu 🤦🏾‍♂️ hana kosa lolote, mpira ulikuwa chini.

Sasa siwezi kusema ni sheria ndo ilimpeleka uwanjani, moyo wake anaujua yeye. Lakini ile presha tuliiona wote kwa macho. Mtu anahesabiwa mechi kama anadaiwa.

DadaRebaundi

Naona mnajadili heshima tu, pesa hamjaigusa hata mmoja na pesa ndo mzizi wa ugomvi wote huu.

Ntaelezea kwa kifupi kwa ambao hawafuatilii mikataba. NBA kuna ukomo wa mishahara, na mchezaji mmoja anaruhusiwa kuchukua asilimia fulani ya huo ukomo kulingana na miaka aliyokaa kwenye ligi. Mdogo ni asilimia 25, wa kati 30, mkongwe 35. Ila kuna mlango wa kuruka ngazi, ukiwa umeingia All-NBA (au MVP, au mlinzi bora) kwa masharti fulani, yule wa 25 anaweza kupata 30 na yule wa 30 akapata 35, hiyo ya mwisho ndo watu wanaita supamaksi. Kwa hiyo jina lako likiwemo kwenye wale 15 au lisipokuwemo ni tofauti ya makumi ya mamilioni ya dola.

Haliburton ndo mfano mzuri kuliko wote. Alishasaini mkataba na Indiana mwaka 2023 wenye hicho kipengele, akiingia All-NBA 2024 anapata kama dola milioni 40 za ziada. Januari akaumia msuli wa nyuma ya paja. Akarudi, akakaa tena, akarudi tena kwa dakika za kupimiwa, dakika ishirini na kidogo hivi, na hapo muelewe kwamba mechi haihesabiki kama hujacheza dakika 20 (kuna msamaha wa mechi mbili tu za dakika 15 kwenda juu). Mtu ana paja bovu, anachezeshwa dakika za kutosha kuandikiwa mechi basi, afu anakaa. Mwenyewe alisema wazi kwamba hiyo sheria ni ya kijinga. Akafikisha 69, akaingia timu ya tatu, pesa akapata.

Nani anaamua? Waandishi na watangazaji 100. Kila mmoja anajaza majina 15, timu ya kwanza pointi 5, ya pili 3, ya tatu 1, zinajumlishwa. Hawa ni watu ambao mchana wanakuhoji na usiku wanashika kalamu ya mshahara wako. Tatum 2021 alikosa All-NBA na ikamgharimu zaidi ya milioni 30, na alilalamika hadharani kwamba wanahabari wasipewe hiyo nguvu. Mi nakubaliana naye mia kwa mia.

Sheria ya 65 inakera, sawa, ila hata ukiifuta leo ugomvi utabaki. Tenganisha tuzo na mshahara kwanza.

MzeeWaRimu

@DadaRebaundi hapo umegonga penyewe dada, umenipa na kitu cha kufikiria. Ila huoni kama pesa ikitolewa wachezaji hawatajali tena hizo tuzo? Maana mechi ya mastaa ya All-Star siku hizi wanacheza kama wako bichi.

DadaRebaundi

Watajali. Kobe na Duncan wana All-NBA 15 kila mmoja na hizo zote zimeandikwa kwenye wasifu wao kabla ya kitu kingine chochote, LeBron mwaka huu kafikisha 21 akiwa na miaka 40, unadhani anatafuta supamaksi? Jina linaishi. Halafu All-Star usifananishe, ile mashabiki wanapiga kura na inachaguliwa katikati ya msimu. Sabonis 2024 alinyimwa All-Star, akaendelea na dabo dabo zake (tarakimu mbili kwenye pointi na ribaundi) mfululizo mpaka akapita mechi 60 bila kukosa, mwisho wa msimu akaingia All-NBA timu ya tatu. Hii tuzo ndo inasahihisha zile za umaarufu.

Na kingine, hiyo pesa inaharibu hata timu. Kemba Walker 2019 aliingia timu ya tatu, akawa na haki ya supamaksi Charlotte, wenye timu wakapiga mahesabu wakaona haiwezekani kumlipa zote, jamaa akaondoka kwenda Boston. Yani heshima aliyoipata ndo ikamfukuza nyumbani. Na Paul George 2017 kinyume chake, alikosa, Indiana wakakosa kitu pekee ambacho wangempa kuliko wengine, msimu haujaanza keshakuwa OKC.

NjoroWaUmoja

Na Luka je? Huyo hata angecheza mechi 82 supamaksi yake ilikufa siku Dallas walimuuza Lakers. Usiku wa Februari watu wamelala wanaamka mtu hayuko. Mkataba wa zaidi ya dola milioni 300 umepotea na yeye hakuwa ameomba kuondoka.

KipangaWaUpanga

Mnahamisha goli sasa. Swali lilikuwa mechi 65 nyie mko kwenye mikataba.

Narudi kwenye hoja. Tukikubali kwamba hii ni tuzo ya MSIMU basi kucheza ni sehemu ya ubora. Edwards kacheza 79, Harden na miaka yake 35 kacheza 79, Shai 76. Hawa hawaumwi? Wanaumwa wanafunga bandeji wanaingia. Ukimpa Durant wa mechi 62 nafasi unamtoa nani, Jalen Williams? Cade aliyeibeba Detroit kutoka ushindi 14 mpaka 44? Taja jina basi, maana nafasi ni 15 haziongezeki.

Na hapo hapo wacha nichomekee kitu cha kujifariji sisi wabongo. Drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya 2009 Hashim Thabeet wetu alichukuliwa namba 2, Harden namba 3, Curry namba 7. Leo ni 2025 Harden na Curry bado wako All-NBA. Miaka 16 baadaye! Sina la kuongeza.

MzeeWaRimu

Hilo la Hashim ungeliacha tu mkuu tumeamka vizuri 😂

MwanaLubumbashi

@KipangaWaUpanga umetaja nafasi 15, basi tuongelee na lile badiliko lingine lililoingia msimu ule ule wa 2023-24, la kufuta pozisheni. Maana kwangu hilo ndo kubwa kuliko mechi 65 na hamna anayelisema.

Zamani kila timu ilikuwa lazima magadi wawili, mafowadi wawili, senta mmoja. Ndo maana 2022 Embiid kawa kinara wa pointi wa ligi, kashika namba mbili kwenye MVP, halafu kawekwa timu ya pili, kwa sababu Jokic ni senta pia na kiti ni kimoja. 2023 ikageuka, Embiid MVP, Jokic akapelekwa timu ya pili. Mchezaji wa pili kwa ubora duniani anakaa nyuma ya watu wanne ambao kila mtu anajua kawazidi. Upuuzi mtupu, na ni vizuri imefutwa.

Lakini aliyeumia zaidi na ile sheria ya zamani ni mzee wetu Mutombo, Mungu amrehemu. Mlinzi bora wa ligi mara nne, 1995, 1997, 1998 na 2001. Timu ya kwanza ya All-NBA? Hata mara moja. Jumla ana tatu, ya tatu mara mbili na ya pili mara moja. 1995 kawa mlinzi bora wa dunia na kwenye All-NBA hayumo kabisa, sababu senta walikuwa Robinson timu ya kwanza, Shaq ya pili, na Hakeem Olajuwon ya TATU. Hakeem timu ya tatu! Kisha wakakutana fainali ya Magharibi, Hakeem akamfanya Robinson MVP wa mwaka ule kama mwanafunzi wake, akaenda kuchukua ubingwa. Kura zilishapigwa kabla ya mtoano, hazirudi.

Halafu DeAndre Jordan 2016, pointi 12 na kitu kwa mechi, yuko timu ya kwanza, maana mwaka ule senta walikuwa wamekauka. Sisi huku tukikaa kijiweni hilo linatuuma mpaka leo.

DadaRebaundi

Naunga mkono ila kuna upande wa pili kaka. Ulivyofuta pozisheni umewaumiza walinzi wa ndani. Gobert aliingia All-NBA mara nne enzi zile, nyingi timu ya tatu, kwa sababu lazima senta watatu wapatikane. 2024 kawa mlinzi bora wa ligi, tuzo yake ya nne kama Mutombo, na All-NBA hakupata. Mpiga kura akipewa karatasi tupu anajaza wafungaji, ndo tabia ya binadamu anaona pointi kwanza. Mobley mwaka huu kapenya kwa vile timu yake ya Cavs walishinda mechi 64, wangekuwa na ushindi 45 sidhani kama mngemuona.

NjoroWaUmoja

Na tusisahau Jaylen Brown 2024. Boston mechi 64 wameshinda, Brown hayuko hata timu ya tatu. Siku chache baadaye MVP wa fainali ya Mashariki, halafu MVP wa Finali zenyewe. Wale waandishi mia moja sijui walikuwa wanaangalia kitu gani.

KipangaWaUpanga

Walikuwa wanaangalia msimu wa kawaida kama walivyoelekezwa. Tuzo za mtoano ziko na zake, kapewa mbili, analia nini. Na takwimu zake za msimu ule zilishuka kwa sababu Boston walikuwa wamejaa kila kona, hilo si kosa la mpiga kura. Namba 16 lazima awepo kila mwaka, na kila mwaka namba 16 ana mashabiki.

MzeeWaRimu

Nimesoma zote. Msimamo wangu umesogea kidogo lakini haujaenda kwa Kipanga. Napendekeza hivi, mechi 65 iachwe kwa MVP peke yake, pale sawa, ukitaka kuitwa bora kuliko wote uwepo (ingawa Bill Walton alichukua 1978 na mechi 58 na hakuna aliyekufa). Ila kwenye All-NBA wapiga kura waachiwe akili zao, wana macho, wataona wenyewe huyu kacheza 46 na huyu 72 na watampunguzia. Ilikuwa hivyo miaka yote. Na pesa itoke kama alivyosema dada.

Ni jambo la ajabu kuwa na kura ya watu mia halafu kabla hawajapiga unawafutia nusu ya majina.

KipangaWaUpanga

Wakiachiwa akili zao ndo tunarudi kwenye mechi 55 za LeBron. Mkuu wewe mwenyewe umeona, wanapenda majina. Na ligi haitakubali, kuna mkataba mpya wa TV wa kuanzia msimu wa 2025-26, miaka 11, dola bilioni 76 hivi, Disney, NBC na Amazon wametoa hela waoneshe mastaa, si waoneshe benchi. Hiyo sheria haiendi popote.

NjoroWaUmoja

Hapo kwa TV umesema ukweli, hiyo ndio sababu, zingine zote ni maneno. Basi waseme hivyo.

MwanaLubumbashi

Sawa, tuseme sheria haipo mwaka huu. Kila mtu ataje anamtoa nani anamwingiza nani. Mie namtoa Towns namwingiza Wembanyama, timu ya pili, na Mobley anashuka ya tatu.

DadaRebaundi

Mi namtoa Harden, Durant anaingia. Wemby mechi 46 hapana, napenda anavyocheza lakini hapana.

NjoroWaUmoja

LeBron nje, Cade anapanda timu ya pili, Wemby anaingia ya tatu. Najua nitatukanwa.

KipangaWaUpanga

LeBron nje?? Funga uzi huu moderata, watu wamelewa asubuhi asubuhi.